Pua inatiririka, jibu halipatikani: kwa nini kupima makamasi ni kazi ngumu

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu na Uvira wangali wanakumbuka kale kajiti ka wakati wa Covid. Mutu anafika kwenye mupaka, anapanga mustari, anainua kichwa, na mutu wa labo mwenye glavu anamuingizia kajiti ndani ya pua mpaka machozi yanatoka. Nyuma ya saa chache, ao kesho yake, karatasi inatoka: pozitifu ao negatifu. Neno moja tu, na safari inaendelea ao inakatika.

Tangu siku zile wengi wamebaki na wazo kwamba pua ni kitu rahisi kupima. Njo maana kila kiangazi, wakati vumbi nyeusi ya mawe ya volkano inapanda juu ya barabara na kila mutu anapiga chafya, ulizo linarudi kwenye vituo vya afya: kama waliweza kupima Covid mu pua, kwa nini hawawezi kupima hii alerji inayotusumbua miaka na miaka?

Ulizo ni la haki. Na jibu lake si tu «hatuna mashini». Hata kwenye labo kubwa za Ulaya na Marekani, zenye mashini yote, kupima vizuri kitu kilicho ndani ya makamasi ni moja ya kazi zinazowapa watafiti wa alerji kichwa kuuma. Kuelewa sababu yake kunasaidia kuelewa pia kwa nini kwetu huku kila pua inayotiririka inapewa dawa ileile.

Kwa sababu kwa kweli ndivyo inavyokuwa. Mama anayepika na makala kutoka asubuhi, motari anayekula vumbi siku nzima, mutoto anayelala juu ya godoro ya zamani pamoja na ndugu zake wanne: wote watatu wanafika farmasi na pua ileile na macho mekundu yaleyale. Mara nyingi wote watatu wanarudi na antibiotike, ambayo haifanyi kitu juu ya alerji, ao na vidonge vya klorofeniramini. Vile vidonge vinakausha pua, ni kweli, lakini vinaleta usingizi. Kwa mama aliye nyumbani, pengine si neno. Kwa motari aliyebeba watu wawili katika teremko ya Sake, ni jambo lingine. Na kuko wale wanaonunua dawa ya matone ya kufungua pua na kuitumia mwezi muzima. Ile dawa, ikipita siku chache, inaanza yenyewe kufunga pua, na mutu anaongeza matone akizani ugonjwa umezidi.

«Iko?» na «iko ngapi?» si ulizo moja

Tofauti ya kwanza iko hapa. Kipimo cha Covid, sawa na kile cha Ebola ao cha mpox, kinatafuta chembe za urithi za virusi. Mashini ya PCR, na GeneXpert ambayo hospitali nyingi za Kongo zinaijua juu ya kifua kikuu, ina ujanja mumoja mukubwa: inachukua kipande kidogo cha ile chembe na kukizidisha. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, vinne munane, mpaka mamilioni. Kama virusi vilikuwa kidogo sana kwenye kajiti, si shida kubwa. Mashini itavizidisha mpaka vionekane. Na kama kajiti kalichukua makamasi kidogo ao mingi, mara nyingi jibu linabaki lilelile: iko, ao hapana.

Alerji haina virusi. Kinachotafutwa ni vitu ambavyo mwili wa mutu mwenyewe unavitoa: histamini, ile inayoleta kuwashwa na chafya, triptase, inayotoka katika seli zinazoitwa mastositi, kinga za IgE, na protini ndogondogo zinazopeleka ujumbe kutoka seli moja kwenda ingine, kama interlekini 5 na interlekini 13. Hivi vyote haviwezi kuzidishwa. Hakuna mashini inayochukua protini moja na kuifanya kuwa milioni. Kile kilichoingia ndani ya chupa njo kile kitakachopimwa, basi.

Tena, vingi kati ya hivi viko ndani ya pua ya mutu muzima pia, kidogo kidogo. Kusema «iko» hakusaidii kitu. Lazima kusema iko ngapi, na kama ni nyingi kuliko jana, ao kuliko kwa jirani asiye mugonjwa.

Na ile «ngapi» ni ndogo sana. Watafiti wanahesabu protini hizi kwa pikogramu katika mililita moja ya maji. Ili kuona udogo wake, tuchukue ziwa Kivu, ambalo lina maji karibu kilometa 500 za ujazo. Mutu akichukua mifuko kumi ya sukari, kila mumoja wa kilo 50, akaimwaga yote ndani ya ziwa na kuikoroga vizuri kutoka Goma mpaka Bukavu, kila mililita ya lile ziwa itakuwa na pikogramu moja hivi ya sukari. Labo zinaombwa kutofautisha mifuko mia na mifuko mia mbili.

Zinaweza. Tangu mwaka wa 1971, wakati Eva Engvall na Peter Perlmann walipotangaza huko Stockholm mutindo unaoitwa ELISA, kuko njia ya kukamata protini moja kwa kinga inayoijua na kuonyesha wingi wake kwa rangi: rangi ikikolea, protini ni nyingi. Mutindo huu unafanya kazi vizuri katika damu. Damu ina wema mumoja: kiasi cha maji ndani yake hakibadiliki sana. Mililita ya damu ya leo inafanana na mililita ya kesho. Makamasi si vile.

Maziwa yaliyotiwa maji

Kila mutu aliyenunua maziwa kwenye soko anajua shida ya pili. Maziwa ya Masisi yakifika muji, mununuzi hajui kama njiani kuliongezwa maji. Akiyaonja na kuona ni mepesi, hawezi kusema kama ng'ombe ni mubaya ao kama muuzaji ni mubaya.

Njia ya zamani ya kukusanya maji ya pua ni kuosha. Mugonjwa anainamisha kichwa nyuma, anatiwa maji ya chumvi mililita 5 hivi katika kila tundu, anafunga koo kwa sekunde kumi, kisha anayatoa ndani ya kikombe. Ni njia rahisi, haiumizi, na hata mutoto mukubwa anaiweza. Lakini maji ya pua yenyewe mara nyingi hayafiki hata mililita moja. Yote yanamezwa na yale maji ya chumvi. Tena hakuna anayejua ni mara ngapi yalichanganywa, kwa sababu mumoja anarudisha karibu yote, mwingine anameza nusu, wa tatu anacheka na kuyamwaga.

Hesabu ndogo inaonyesha ubaya wake. Tuseme wagonjwa wawili wana kitu kilekile ndani ya pua, pikogramu 200 katika mililita. Kwa wa kwanza kuosha kumechanganya mara 10. Labo itasoma 20. Kwa wa pili kumechanganya mara 40. Labo itasoma 5. Kama kipimo hakiwezi kuona kitu chini ya 8, wa pili ataandikwa «hakuna». Wagonjwa wawili sawasawa, mumoja anaambiwa ana alerji, mwingine anaambiwa ni muzima. Na kosa halikufanywa na mashini. Mashini ilisema ukweli juu ya kile ilichopewa.

Watafiti wametafuta dawa ya jambo hili tangu miaka mingi. Wazo la kwanza lilikuwa kutafuta kitu kingine ndani ya yale maji, kitu kinachojulikana, na kulinganisha nacho. Wengi walichukua albumini, protini ya damu ambayo inapenya mpaka ndani ya pua, ao walihesabu protini zote pamoja. Walikuwa wanasema: kitu fulani ni kiasi gani kwa kila miligramu ya albumini? Kwa njia hiyo, walifikiri, maji ya chumvi yanajiondoa yenyewe.

Lakini alerji yenyewe inafungua mishipa midogo ya pua na kuacha maji ya damu yavuje. Kwa hiyo albumini inapanda pamoja na ugonjwa. Kitu kinachotafutwa kikipanda mara tatu, na albumini ikipanda mara tatu, ukigawanya kimoja kwa kingine unapata namba ileile ya mbele ya ugonjwa. Karatasi itasema hakuna kilichobadilika, na mugonjwa amekaa mbele yako anapiga chafya ishirini. Ni sawa na kupima maharagi na Guigoz ambayo inajipanua kila mara maharagi yanapokuwa mengi. Wa mama wa soko wanajua Guigoz iliyogongwa chini ili ichukue kidogo. Hii ni ndugu yake, ni vile tu hakuna aliyeigonga.

Urea imekuwa na bahati zaidi. Ni kitu kidogo kinachotembea bila kizuizi kutoka damu mpaka maji ya pua, na kiasi chake pande zote mbili kinakaribiana. Basi labo inapima urea katika damu ya mugonjwa na katika maji aliyooshwa nayo. Ikikuta katika maji ni sehemu moja ya ishirini ya ile ya damu, inajua maji ya pua yalichanganywa mara ishirini, na inarudisha hesabu. Lakini lazima kuosha kuwe kwa haraka. Maji yakikaa sana ndani ya pua, urea nyingine inaendelea kutoka katika nyama ya pua, na hesabu inaharibika. Na lazima mugonjwa akubali kutolewa damu pia, jambo ambalo katika vijiji vyetu si dogo. Kila mutu anayefanya kazi ya afya anajua hadithi zinazotembea juu ya damu inayochukuliwa.

Kipande cha sponji na mizani

Njia ya pili inakataa kuosha kabisa. Munganga anachukua kipande kidogo cha sponji ao cha karatasi inayonyonya, anakipima kwa mizani, anakiweka ndani ya pua kwa dakika chache, anakitoa na kukipima tena. Uzito ulioongezeka ni maji ya pua. Kama kipande kimeongeza miligramu 100, kimebeba karibu mikrolita 100. Sasa kiasi kinajulikana, bila kukisia. Kisha kipande kinazungushwa kwa nguvu ndani ya mashini ya santrifuje mpaka maji yatoke.

Hapa mutu anaweza kufikiri kazi imekwisha. Bado. Mizani lazima isome miligramu, si gramu kama ile ya duka la dhahabu la kandokando ya barabara. Kifuniko kikibaki wazi katika chumba chenye joto, maji yanakauka na uzito unadanganya. Kajiti kakikwaruza ndani ya pua, damu inatoka, na tone moja la damu linaleta protini nyingi ambazo hazikutoka katika pua hata kidogo. Na sponji yenyewe ina tabia yake: kuna vitu ambavyo inavishika na kukataa kuviachilia. Labo yenye kujiheshimu inaijaribu kwanza. Inatia juu ya sponji safi kiasi inachokijua, tuseme 100, kisha inatoa na kupima. Ikipata 95, vizuri. Ikipata 60, ile sponji si ya kutumika kwa kitu kile, hata kama inafaa kwa kitu kingine. Kwa kawaida labo zinapenda kuona kati ya 80 na 120.

Jaribio hilo, la kutia kiasi unachokijua na kuona kama kinarudi, ni la bei ndogo kuliko mashini yoyote, na ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi. Mutu anayesoma ripoti juu ya makamasi na hakuona pahali lile jaribio limeandikwa, afazali asiamini namba zake haraka.

Makamasi yenyewe yanaleta vita vya mwisho. Yanavutana. Yana protini ndefu zilizofungamana kama nyuzi za wavu, na ule wavu unaficha vitu vingine ndani yake, ao unazuia kinga za ELISA zisivifikie. Kuna dawa ya kukata ule wavu, inaitwa ditiotreitoli, na inafanya kazi vizuri: makamasi yanakuwa maji. Shida ni kwamba inakata vifungo vya salfa, na protini nyingi zinazotafutwa zinasimama kwa vifungo hivyohivyo. Unafungua mulango kwa kubomoa nyumba. Labo zingine zinaacha dawa hiyo na kupiga makamasi kwa nguvu tu; zingine zinaitumia, lakini zinaitia pia ndani ya vipimo vya kulinganisha, ili kama inaharibu, iharibu pande zote sawasawa.

Kwa nini watu wanajitesa hivi

Mutu anaweza kuuliza faida. Jibu zuri liko katika kazi iliyofanywa kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins, muji wa Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1980. Robert Naclerio na wenzake walichukua watu wenye alerji, wakawaosha pua mara kazaa ili kuondoa vitu vya zamani, kisha wakawanyunyizia chavua inayowasumbua. Kila mara waliosha tena na kupima. Katika dakika za kwanza histamini ilipanda, na prostaglandini D2 ikapanda pamoja nayo. Kisha vyote vikashuka. Lakini saa kazaa baadaye, wakati wagonjwa wengine walianza tena kupiga chafya bila kunyunyiziwa kitu, histamini ilipanda mara ya pili, na prostaglandini D2 haikupanda.

Ile prostaglandini iliyokosekana njo ilikuwa habari. Mastositi zinatoa vyote viwili. Seli zingine, bazofili, zinatoa histamini bila prostaglandini D2. Kwa hiyo wimbi la pili lilikuwa na wenyeji wengine, waliofika kutoka katika damu. Hivyo watafiti walianza kuelewa kwa nini mutu anaamuka usiku na pua imefungwa wakati alikutana na vumbi muchana. Kama wangepima vibaya, kama ile prostaglandini ingekosekana kwa sababu tu ya kuharibika kwenye meza ya labo, fundisho lote lingekuwa la uongo.

Kuharibika kwenyewe ni rahisi. Ndani ya makamasi mna vimeng'enya vinavyokula protini, na vinaendelea kula ndani ya chupa. Sampuli lazima iwekwe juu ya barafu mara moja, igawanywe katika chupa ndogondogo, na igandishwe, mara nyingi kwenye digri 80 chini ya sufuri. Kila mara inapoyeyuka na kuganda tena, kitu kinapotea.

Digri 80 chini ya sufuri, katika muji ambao umeme unakatika. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme na maji vilikatika katika muji, na Shirika la kimataifa la Musalaba Mwekundu lilitoa sauti likiomba labo ya INRB ilindwe, kwa sababu ya sampuli zilizohifadhiwa mule, pamoja na zile za Ebola. Siku zile hakuna aliyefikiri juu ya alerji, na haki yao. Lakini sheria ya friji ni moja kwa wote. Sampuli za virusi zikiyeyuka, pengine PCR bado itaona kitu. Sampuli za interlekini zikiyeyuka mara mbili tatu, hakuna wa kusema namba zilikuwa ngapi. Na kuzipeleka Kinshasa? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa katika mapigano yaleyale. Mbele ya hapo pia, wakati mpox ilipoanza Kamituga, sampuli zilibidi kusafiri mbali juu ya barabara ambazo wakaaji wa Kivu ya Kusini wanazijua vizuri.

Moshi, wadudu wa godoro, ao gazi ya mulima?

Kwa wakaaji wa huku, kile ambacho kipimo kizuri kingeleta ni kutenganisha sababu tatu ambazo kwa macho zinafanana.

Moshi wa makala kwenye mbabula unachoma pua bila alerji yoyote. Hata gazi ya salfa inayotoka Nyiragongo na Nyamulagira, milima ambayo iko kati ya zile zinazotoa gazi hiyo kwa wingi zaidi duniani, inachoma vilevile. Katika pua hizo mutu hategemei kukuta IgE dhidi ya moshi. Kitu kama hicho hakuna. Dawa yao ni hewa: mbabula nzuri, dirisha, kupikia inje. Lakini pua ya yule mutoto wa godoro inaweza kuwa na alerji ya kweli, ya wadudu wadogo wa vumbi ambao macho hayawaoni, ao ya mende. Vitabu vya Ulaya vinasema wadudu hao wanapungua kwenye milima, na Goma iko kwenye meta 1500 hivi. Mutu asidanganyike. Kule Ulaya wanapungua kwa sababu hewa ya milima yao ni kavu. Katika milima yenye unyevu ya Amerika ya Kusini wanaishi juu sana bila shida, na hewa ya Kivu haikauki kama ya Alpes.

Wengine wanakimbilia kipimo cha damu, IgE yote pamoja, na wanalipa dola kwa kazi hiyo. Huku kwetu kipimo hicho peke yake hakisemi mingi. Minyoo ya tumbo, askarisi na wenzake, inapandisha IgE juu sana. Mutu anaweza kuwa na namba kubwa na hana alerji hata moja, ana minyoo. Kipimo cha IgE ya kitu kimoja kimoja ni bora, lakini hata hicho kinaweza kuchanganya, kwa sababu kuna protini katika askarisi inayofanana na ile ya wadudu wa vumbi na ya mende.

Na kuko kinyume chake. Watafiti wa Málaga, huko Hispania, wameonyesha kwamba kuna wagonjwa ambao ngozi yao haijibu kitu, damu yao haionyeshi kitu, lakini ukiwanyunyizia kile kitu ndani ya pua wanapiga chafya palepale, na maji ya pua yanaonyesha alama za alerji. Alerji yao inaishi katika pua tu. Watu hao kwa miaka waliambiwa hawana kitu. Hata katika wao, IgE ya pua mara nyingi haionekani, na sehemu ya sababu ni ileile ya maziwa: imechanganywa na maji mpaka imepita chini ya uwezo wa kipimo. Ndiyo maana wanganga wa kule wanaamini zaidi jaribio la kunyunyizia kuliko namba za IgE ya pua.

Inabaki kusema kwamba sehemu kubwa ya kile dunia inachojua juu ya wingi wa alerji haikutoka katika chupa yoyote. Utafiti mukubwa wa kimataifa wa watoto, ISAAC, ulioanzishwa mwaka wa 1991, ulisimama juu ya karatasi za maulizo: katika miezi 12 iliyopita, je, ulipiga chafya, pua ilitiririka ao ilifunga, wakati hukuwa na mafua? Ulizo la namna hiyo halihitaji friji. Infirmiye wa Walikale ao wa Fizi anaweza kuliuliza, na kuongeza mengine mawili: inazidi ukiwa jikoni, ao ukitikisa godoro? Inapungua ukisafiri?

Kuko pia kitu kimoja ambacho vituo vyetu vingi tayari vinacho na havikitumii kwa pua. Mikroskopi ya malaria, na rangi ya Giemsa. Kajiti kanapangusa ndani ya pua, makamasi yanapakwa juu ya kioo, yanakaushwa, yanatiwa rangi, na mutu wa labo anahesabu seli zinazoitwa eozinofili, zenye punje nyekundu, kati ya seli zote anazoziona. Kama ni nyingi, alerji inakuwa na nafasi kubwa kuliko moshi. Si ushahidi wa mwisho, kwa sababu kuna wagonjwa wasio na alerji ambao pua yao inajaa eozinofili vilevile. Lakini hesabu hiyo ni ya sehemu katika mia, seli hizi kati ya seli zote, na kwa hiyo maji yakiongezeka ao yakipungua, jibu halibadiliki. Mutu wa labo anayehesabu vimelea vya malaria kila siku kati ya chembe nyeupe za damu anaijua ile kazi tayari. Kioo kilichokaushwa hakihitaji barafu, na umeme ukikatika kesho, kitasomwa kesho kutwa kwenye mwanga wa dirisha.